Uwakili Hauishii Mlangoni pa Kanisa

Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, viongozi wa Serikali, wa Chama na wa dini hushika majembe wakatoka mbele ya watu. Mashimo huchimbwa, miche hutiwa, maji humwagwa, hotuba husomwa, picha hupigwa. Ni jambo jema, wala sisi hatumo miongoni mwa wanaolidharau. Lakini tukirudi mahali pale pale miezi sita baadaye, kiangazi kikiwa kimeshika, aghalabu twakuta nini? Twakuta mbuzi wakitafuna kijiti cha mwisho, na mashimo yamefukiwa na mchanga. Aliyepanda amekwenda zake, na yule aliyepaswa kutunza hakutajwa jina.

Hapo ndipo tunapotaka kuanzia maneno yetu ya leo. Kupanda ni kazi ya siku moja. Kutunza ni kazi ya maisha. Na Mkristo, ambaye tangu utoto wake amefundishwa habari za bustani ya kwanza, hana udhuru wa kusema hakuambiwa.

Twajua watakaouliza: gazeti la Chama lina shughuli gani na mafundisho ya Kanisa? Jibu letu ni fupi. Chama hakina dini, lakini wanachama wake wana dini zao. Ndugu aketiye katika kikao cha tawi siku ya Jumamosi ndiye yule yule aimbaye kwaya siku ya Jumapili, na siku ya Jumatatu huingia kiwandani, ofisini au shambani. Hawezi kuwa na dhamiri tatu. Ndugu zetu Waislamu nao wanayo mafundisho yao kwamba mwanadamu ni khalifa tu juu ya ardhi. Katika kisiwa cha Misali, karibu na Pemba, mafundisho hayo yalitumika kuwaeleza wavuvi kwa nini kuvua kwa baruti ni dhambi, mbali na kuwa ni kosa la sheria. Leo twasema na Wakristo, kwa sababu wao ni wengi katika safu zetu na kwa sababu Kanisa lina ardhi, shule, hospitali na sauti ambayo vijiji husikiliza.

MTAWALA ASIYEKULA RAIA ZAKE

Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, msomi mmoja wa historia huko Marekani, jina lake Lynn White, aliandika makala katika jarida la Science akilishitaki Kanisa la nchi za Magharibi. Alisema kwamba Wakristo wa huko, kwa kujidhania kuwa mabwana wa viumbe vyote, ndio waliofungua mlango wa uharibifu wa dunia. Makala hiyo ilikasirisha wengi. Lakini White mwenyewe alikuwa Mkristo, na mwishoni aliwakumbusha wasomaji wake habari za Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyewaita ndege na jua ndugu zake. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Fransisko huyo kuwa msimamizi wa wale wanaoshughulika na utunzaji wa mazingira.

Je, shitaka hilo ni la haki? Twasema ni la haki kwa wale walioisoma sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo wakafunga Biblia kabla ya kuifikia ya pili. Katika sura ya kwanza mwanadamu anapewa mamlaka juu ya samaki, ndege na wanyama. Katika sura ya pili anawekwa bustanini na kupewa kazi mbili zisizotenganishwa: kulima na kulinda. Mwenye kulima bila kulinda amefanya nusu ya kazi yake, na nusu aliyoifanya itakuja kuharibiwa na ile aliyoiacha.

Nasi Waafrika twalijua neno hili la kutawala kuliko wengine, kwa kuwa tumetawaliwa. Tuliona utawala uliohesabu watu kuwa nguvu za kuvuna katani na pamba, na nchi kuwa ghala la kuchotwa. Tuliukataa utawala huo kwa sababu mtawala anayekula raia zake si mtawala, ni mwindaji. Basi tumeuondoa kwa nini? Ili sisi wenyewe tuutawale msitu, mto na mnyama kwa desturi ile ile ya mkoloni? Maandiko Matakatifu yanapotaka kuonyesha mfalme mwema huonyesha mchungaji. Na mchungaji hapimwi kwa nyama aliyokula, hupimwa kwa hesabu ya kondoo anaowarudisha jioni.

Iko sheria nyingine ambayo mahubiri yetu huipita haraka. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, wana wa Israeli waliagizwa kuipumzisha ardhi kila mwaka wa saba, na wakaelezwa wazi kwamba ardhi si yao, bali wao ni wageni wakaao kwa Mwenye ardhi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, jeshi linalouzunguka mji lilikatazwa kukata miti ya matunda kwa ajili ya vita. Tutafakari jambo hilo. Ikiwa hata vitani, ambako mwanadamu hujihalalishia kila kitu, mti ulikuwa na haki yake, sembuse wakati wa amani, tunapokata kwa ajili ya faida ya wiki moja? Naye Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba viumbe vyote vyaugua kama mwanamke mwenye utungu, vikingoja kuwekwa huru. Kwa hiyo ukombozi anaouhubiri Mkristo haukuahidiwa roho za watu peke yake.

SI MALI YETU

Msomaji ambaye ni mwanachama wa Chama ataona kwamba mafundisho hayo si mageni kwake. Mwaka 1958, tungali chini ya Mwingereza, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa. Ndani yake alikataa mpango wa kuifanya ardhi kuwa bidhaa ya mtu binafsi. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote. Mtu ana haki ya jasho lake alilolitia katika ardhi, lakini hana haki ya kusema ardhi yenyewe ameiumba yeye. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, alitoa tamko mjini Arusha kuwa wanyama wa porini na makazi yao ni amana tutakayowajibika kwayo mbele ya wajukuu wetu. Na Azimio la Arusha lilipokuja mwaka 1967 liliitaja ardhi pamoja na watu, siasa safi na uongozi bora kuwa msingi wa maendeleo yetu, wala halikuuweka msingi huo katika fedha.

Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zimeendeleza fikra hiyo: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameikabidhiwa akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Mdhamini! Neno hilo la mwanasheria na neno la wakili katika Injili ni ndugu wa tumbo moja. Wakili hupewa funguo za ghala asilolijenga, naye hujua kwamba iko siku ataitwa na daftari lake. Mwananchi mwenye ekari tatu ni wakili. Kijiji chenye msitu ni wakili. Dayosisi yenye mamia ya ekari ni wakili. Hakuna hata mmoja kati yao aliye mwenye mali.

MLIMA UNAOTUSHITAKI

Tuchukue Mlima Kilimanjaro uwe mfano wetu, kwa kuwa hakuna mlima uliofungamana na historia ya Kanisa na ya uhuru wa nchi hii kama huo. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji yake mwaka 1848, na alipoandika habari hiyo wako wasomi wa Ulaya waliomfanyia mzaha. Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walifika Machame. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kukaa Kilema kabla yao. Na katika usiku wa uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha Mwenge juu kabisa ya kilele, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, ili umulike nchi na kuvuka mipaka yake.

Mlima huo leo unatushitaki. Barafu iliyopimwa mwaka 1912 ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 12. Ilipofika mwaka 2011 hazikubaki hata mbili. Wataalamu hueleza kuwa hewa ya juu imekuwa kavu na dunia imepata joto, hata theluji inayoanguka haitoshi kufidia ile inayopotea. Katika hilo mkulima wa Rombo na Hai ana sehemu ndogo mno ya lawama. Mataifa yaliyochoma makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya miaka mia moja, yakatajirika kwayo, ndiyo yenye deni kubwa; nayo hayana haki ya kuja kutuhubiria habari za kuni tatu za mama wa Kichagga kabla hayajalipa deni lao. Hilo twalisema bila kigugumizi.

Lakini liko jambo la pili, nalo ni letu. Maji yanayoshuka kutoka Kilimanjaro hayatoki kwa wingi katika barafu, kama watu wengi wanavyodhani. Yatoka katika msitu. Mvua hunyesha zaidi katika ukanda wa msitu kuliko kileleni, na miti ya juu, yenye ndevu za kuvu na majani madogo, huyakamata mawingu ya ukungu na kuyageuza kuwa matone. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto umeuteremsha mpaka wa juu wa msitu, na kwamba maji tunayopoteza kwa kuunguza msitu huo ni mengi kuliko yale tunayopoteza kwa kuyeyuka kwa barafu. Barafu hupigwa picha na watalii. Msitu hunywesha watu.

Na moto huo hauletwi na Wazungu wa viwanda. Huletwa na mrina asali asiyezima mwenge wake, na jangili, na mpishi wa wapanda mlima, na mtu anayetaka majani mabichi ya mifugo. Mwezi Oktoba 2020 moto uliwaka siku nyingi ukateketeza kilomita za mraba zipatazo 95. Mamia ya watu, wakiwamo wanafunzi na wanavijiji, walipanda kuuzima kwa matawi na majembe, na twawaheshimu kwa ushujaa wao. Oktoba 2022 moto mwingine ukawaka. Kabla ya hapo, mwaka 2001, uchunguzi uliofanywa kwa ndege ulionyesha maelfu ya miti ya asili iliyokatwa kwa siri. Mti mkubwa haukatwi na mtoto wala haubebwi begani. Huhitaji msumeno, gari, mnunuzi, na mtu wa kufumba macho njiani. Tukumbuke methali: kikulacho ki nguoni mwako.

Maji ya mlima huo hayaishii Moshi. Mito yake huingia katika bwawa lililojengwa katika miaka ya 1960, liitwalo Nyumba ya Mungu. Hutoka hapo yakaufuata Mto Pangani, yakageuza mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, kisha hufika baharini. Mfanyakazi wa Tanga anapowasha taa, huenda hafikirii kwamba mwanga ule umeanza kama ukungu ulionaswa na jani kule juu ya Marangu. Jina la bwawa lenyewe latosha kuwa hubiri: tukiunguza msitu, twaikausha Nyumba ya Mungu.

WAZEE WALIJUA

Haitupasi kudhani kwamba habari za kutunza zililetwa nchini na wageni. Wazee wa Kilimanjaro walibuni kihamba: migomba, na baadaye kahawa, chini ya miti mirefu ya mringaringa na mruka, pamoja na viazi vikuu na ng'ombe wa zizini ambaye samadi yake hurudi shambani. Ardhi hiyo ililisha vizazi bila kuchoka. Walichimba mifereji, mifongo, ikazunguka mabonde kwa ufundi ambao wageni waliustaajabia. Na maji yaligawanywa kwa zamu, na mtu aliyekwepa siku ya kuusafisha mfongo alitozwa faini au alinyimwa zamu yake. Huo ulikuwa ujamaa wa maji kabla neno lenyewe halijaandikwa katika vitabu vya siasa.

Katika Upare, Uzigua na kwingineko yalikuwako mapori matakatifu ambayo hakuna aliyethubutu kuyatia shoka. Wako walimu wa dini, wageni na wenyeji, waliofundisha kwamba mapori hayo ni makao ya shetani, na wanafunzi wao wakayafyeka ili kuthibitisha imani yao mpya. Chemchemi zilizokuwa chini ya kivuli hicho hazikuuliza dhehebu la mkataji, zilikauka. Sisi tuliolelewa na misheni twaithamini elimu tuliyopata, lakini kuithamini hakutuzuii kusema kweli: mahali hapo injili ilihubiriwa kwa nusu. Ndugu zetu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia walifanya kinyume. Huko Gondar ya Kusini, ambako mashamba na malisho yamemaliza misitu, mtu akiona kutoka mbali kichaka cha miti mirefu hujua kuwa hapo pana kanisa. Waliamini kwamba nyumba ya Mungu lazima ivikwe miti, nao wamehifadhi aina za miti zisizopatikana tena kwingine katika eneo lao.

Shinyanga nayo inatufundisha. Wakati wa ukoloni miti ilifyekwa kwa mapana ili kuwafukuza mbung'o, kisha pamba ikaendeleza ufyekaji, mpaka watu wakaanza kuipikia samadi kwa kukosa kuni. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu walikuja na miche ya kigeni, lakini ushindi ulipatikana walipoirudia desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga malisho yasiguswe wakati wa mvua ili yatumike wakati wa kiangazi. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua vyenyewe. Maelfu kwa maelfu ya hekta yalirudi kuwa kijani, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa ya wenyewe, na sheria yake ililindwa na wazee wenyewe.

WALIOANZA KAZI

Haingekuwa haki kusema kwamba Makanisa yamelala. Katika Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Askofu Fredrick Shoo, aliyechaguliwa kuwa Mkuu wa Kanisa hilo mwaka 2015, amejulikana kwa watu kuwa askofu wa miti, maana alihimiza sharika zipande, na vijana wa kipaimara wakafundishwa kupanda mti kuwa sehemu ya mafundisho yao. Mwaka huo huo wa 2015 hayati Papa Fransisko alitoa waraka wake Laudato Si', akausia ulimwengu wote kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini havitengani. Na mwaka 2017, Walutheri wa dunia walipokutana Windhoek, Namibia, kwa ukumbusho wa miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa, walitangaza kwamba wokovu, mwanadamu na uumbaji si vitu vya kutiwa sokoni. Jirani zetu wa Kenya walimpata Wangari Maathai, mwanafunzi wa watawa Wakatoliki, aliyeanzisha Vuguvugu la Mkanda wa Kijani mwaka 1977 pamoja na wanawake wa vijijini. Mwaka 1999 alipigwa alipoutetea msitu wa Karura uliokuwa ukigawiwa wakubwa. Mwaka 2004 dunia ikamtunuku Nishani ya Nobel ya Amani.

Tuzingatie jambo moja katika habari za mama huyo. Adui wake hakuwa mjane mtafuta kuni. Adui wake alikuwa mtu wa cheo mwenye hati ya kiwanja. Ndiyo habari ya shamba la mizabibu la Nabothi, ambalo mfalme alilitaka kwa kuwa lilikuwa karibu na jumba lake. Kwa hiyo mahubiri ya mazingira yanayomkemea maskini peke yake na kumwacha Ahabu akiketi kiti cha mbele kanisani, hayo si mahubiri, ni woga.

YANAYOTUPASA

Twatoa basi mapendekezo yetu, tukiyaelekeza kwanza kwa Makanisa, kisha kwetu wenyewe katika Chama.

La kwanza ni jiko. Shule za bweni, seminari na hospitali za Makanisa hulisha maelfu ya watu kila siku, na kwa miaka mingi vyungu vyao vimechemshwa kwa malori ya kuni. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kabla ya kwisha Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka huo umeweka shabaha kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Haifai shule ya Kanisa isubiri kusukumwa na mkaguzi. Iwe ya kwanza, na mwanafunzi wake ajifunze jikoni kile alichofundishwa darasani.

La pili ni haki ya mnyonge. Mfanyakazi wa Dar es Salaam hanunui mkaa kwa kupenda moshi. Ananunua kwa sababu mkaa hupatikana kwa kopo, kwa kadiri ya shilingi alizo nazo leo, hali mtungi wa gesi humtaka atoe fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Vyama vya wafanyakazi, vyama vya akiba na mikopo, na waajiri wapange njia ya kulipa gesi na jiko bora kidogo kidogo. Pasipo hayo, kumkataza mkaa ni kumkataza kula.

La tatu ni jirani wa msitu. Katika mwaka 1941 ilitengwa kando ya msitu wa Kilimanjaro nusu maili kwa ajili ya wananchi, wapate kuni na majani. Msitu wote ulipoingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, akina mama wa vijiji vya juu walijikuta wakiitwa wahalifu kwa kazi waliyorithi kwa bibi zao. Twakubali kwamba msitu lazima ulindwe kwa nguvu zote. Lakini askari mia hawawezi kulinda msitu ambao wanakijiji elfu wameuona kuwa si wao tena. Serikali, Hifadhi na vijiji wakae pamoja, wapatane juu ya miti ya kuni itakayopandwa vihambani na nje ya msitu, na mama asikilizwe kabla hajashitakiwa.

La nne ni daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila usharika, kila parokia, kila tawi la Chama liache kutangaza miti iliyopandwa, litangaze miti iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Jina la mtunzaji liandikwe. Na miche ichaguliwe kwa busara: mkaratusi una faida yake katika shamba la nguzo na mbao, lakini kuupanda kwenye chemchemi ni kualika mgeni mwenye kiu asiyeshiba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Mita hizo zipimwe kwanza katika mashamba ya Kanisa na ya viongozi, ndipo zipimwe kwa mkulima mdogo.

La tano latuhusu sisi wana Chama, na ndilo gumu kuliko yote. Wako miongoni mwetu wanaosimama majukwaani kuhimiza miti, na usiku malori yao ya magogo na mkaa hupita vizuizini bila kusimamishwa. Wako wanaompigia simu ofisa misitu wamwombe awe na busara, maana aliyekamatwa ni mtu wetu. Nyani haoni kundule. Twasema kwa uchungu kwamba kadi ya Chama haikuchapwa ili iwe kibali cha kuvunia msitu wa taifa. Mwanachama wa namna hiyo aitwe kwenye kikao, ahojiwe mbele ya wenzake, na akiwa na hatia apelekwe mbele ya sheria kama mtu mwingine yeyote. Na ikiwa yeye ni Mkristo, mzee wa Kanisa au mfadhili wa jengo jipya, basi mchungaji wake naye asipokee sadaka yake kwa furaha bila kuuliza ilitoka wapi.

Ndugu zetu, sisi hatuwaiti watu waabudu miti. Twawaita waheshimu kazi ya Yule wanayesema wanamwabudu. Ni vigumu kuamini sifa anazozitoa mtu kwa seremala, hali kila siku anakivunja kiti alichokichonga. Na ni vigumu vile vile kuamini uzalendo wa mtu anayeimba sifa za Kilimanjaro huku anauuza msitu wake gogo kwa gogo.

Wazee wetu walitukabidhi mlima wenye mito. Watoto walioko leo katika madarasa ya kipaimara na ya mafundisho ya dini watakuwa wakulima na wafanyakazi wa mwaka 2050. Wao hawataomba kusomewa hotuba tulizotoa. Wataenda mtoni na ndoo.